Slaidi ikitoka giza, usiilaumu dawa

Kila kundi jipya linaloingia maabara hapa Mombasa huleta slaidi ileile: seli za Ramos (seli B za limfoma, saratani ya chembe za kinga) zimefifia, na pembeni pameandikwa kwamba dawa imevunja aktini, protini ya nyuzi zinazoipa seli umbo. Wanangu, mara nyingi dawa haina hatia.

1. Fiksi (gandisha seli zilivyo) kwa paraformaldehaidi ya asilimia 4, dakika 15. Methanoli hapana, hata kama kingamwili yako ya tubulini, protini ya mirija midogo ya seli (mikrotubuli), inaipenda. Hapa ndipo wengi wanapoangamia. Faloidini yenye rangi ya kung'aa, tunayoonea aktini, haishiki aktini iliyo mojamoja. Hushika uzi uliokwisha sukwa, pale vipande jirani vinapokutana. Methanoli hunyonya maji, umbo la uzi likaharibika, na faloidini ikakosa pa kushika. Mtu anaona giza, anaandika kwamba kiunzi cha seli kimeporomoka, kisha anajenga nadharia nzima ya limfoma juu yake! Wengine huikwepa methanoli mlangoni wakaiingiza dirishani: formalini ya chupa, ile ya asilimia 37, kwa kawaida hutiwa methanoli ya asilimia 10 hadi 15. Someni lebo.

Jasplakinolidi, dawa nyingine ya aktini, ina balaa yake. Hukaza nyuzi, lakini hugombania na faloidini mahali palepale, kwa hiyo mwanga hushuka huku nyuzi zimejaa tele. Ukiitumia, pima kwa kingamwili ya aktini, au tenga nyuzi kwa sentrifuji ya kasi, 100,000 g.

2. Seli hizi huelea. Paka kioo poli-L-laisini, ziache zitulie, osha taratibu. Mwenye pipeti ya fujo hubaki na kioo kitupu.

3. Latrunkulini A, dawa inayovunja nyuzi za aktini, haizimi ishara za kipokezi cha seli B hivi hivi. Chini ya utando wa seli B kuna wavu wa aktini, ezrini, protini ya kiungo, ikiushikiza kwenye utando, na wavu huo huvibana vipokezi visitembee. Ukiuvunja ghafla, vipokezi hutawanyika na kalsiamu hupanda bila antijeni yoyote. Basi weka kisima (kitundu cha sahani) cha latrunkulini peke yake na cha DMSO, kiyeyushi chake, peke yake, kabla ya kudai kwamba imeisaidia anti-IgM, kingamwili inayoamsha kipokezi. Nayo anti-IgM iwe vipande vya F(ab')2 (kingamwili isiyo na mkia), anza na mikrogramu 10 kwa mililita. Kingamwili nzima inaweza kukanyaga breki ya FcγRIIB, kipokezi kinachoshika mkia huo na kupunguza ishara.

Ukuaji ni hesabu nyingine. Vinkristini, dawa ya saratani, ikipunguza idadi ya seli, usikimbilie kusema ishara imekufa: mikrotubuli zimeshindwa kujijenga, seli zimekwama katikati ya mgawanyiko. Fosfo-ERK, alama ya ishara, ipime dakika ya 2, 5 na 15. Idadi ya seli, saa 48 na 72. Vitu viwili, nyakati mbili tofauti. Tafadhalini.

4. "Joto la chumba" la kwenye protokali ni nyuzijoto 20 hadi 25 za Selsiasi. Wakati wa kaskazi, umeme ukikatika, chumba chetu hupita 30, na dakika tano zako si zile za kitabuni. Seli zikae kwenye barafu hadi zamu yao, ziamshwe kwa 37, zisimamishwe kwa bafa baridi yenye ortovanadati na floridi ya sodiamu, vizuizi vya vimeng'enya vinavyong'oa fosfeti. Bila hizo, fosfeti ya ezrini kwenye threonini 567 hung'olewa mkononi mwako, na utakuta hata kontroli (seli za kulinganishia) haina kitu.

5. Kichupa cha faloidini kavu kikitoka kwenye friza, kiache kipoteze ubaridi kabla ya kukifungua. Hewa ya pwani ina maji.