Re: makaburi ya zamani Nakuru, kuna mzimu ama ni stori tu?

Umeuliza kama ni salama kuingia yale makaburi ya zamani ya wazungu hapa Nakuru na kama ile stori ya mama wa gauni jeupe ni ya ukweli. Mimi nimeenda mara tatu na mzimu sijaona, nyoka ndio nimeona, kwa hivyo vaa gambuti na usiende peke yako juu nyasi imefika kiunoni na kuna vijana hukaa huko ndani hawapendi wageni. Enda asubuhi mapema, jua likiwa bado chini maandishi kwa mawe yanasomeka, saa sita huoni kitu. Masetla walianza kuja huku baada ya reli kufika 1900, na kuna kajiwe kamoja nilipangusa kuvu na kiganja nikapata ni mtoto wa miezi minne, aki nilinyamaza kidogo. Usisugue na brashi ya waya tafadhali, mawe yanamomonyoka.

Lakini kama ni mizimu unataka, uliza wazee kuhusu Menengai, ile kreta ya volkano hapa karibu na Nakuru. Jina lenyewe wanasema ni la Kimaasai, mahali pa maiti, juu ya ile vita ya karne ya 19 Wapurko waliposukuma Walaikipia (zote ni koo za Wamaasai) ndani ya kreta, na ule mvuke unaopanda eti ni roho zao bado zinatafuta njia ya kwenda juu. GDC, ile kampuni ya serikali ya mvuke wa ardhini, nao wanachimba mvuke huo huo watengeneze stima 😂 Shosho yangu akiona moshi huko jioni anafunga dirisha, hata kama ni joto.