Ile /2 Msiiguse

Wadogo zangu mnaoanza kunukuu hati za kesi za uchawi za 1692 za Salem Village, kile kijiji cha koloni la Massachusetts, juzi nimepitia faili zenu tatu nikakuta kosa lilelile lililoniliza mimi mwaka wangu wa kwanza. Nimeshindwa kunyamaza.

1. Katika mwandiko wa Kiingereza wa zama zile, "Ye" ni "the", na ile s ndefu si f. Mmeshaambiwa, tusonge.

2. Tarehe. Hapa kaeni kitako. Waingereza wa zama zile, na makoloni yao, walihesabu mwaka mpya kuanzia Machi 25, na wakaendelea hivyo hadi karne ya 18. Ndiyo maana karani akiandika Februari, au Machi kabla ya siku hiyo, anaweka miaka miwili: 1691/2, yaani 1691 kwa hesabu yao, 1692 kwa yetu. Mimi ile /2 niliiona uchafu wa kalamu, nikaifuta katika hati zote. Hati za kuwakamata washtakiwa wa kwanza, Sarah Good, Sarah Osborne na Tituba, pamoja na mahojiano yao ya Machi 1, zikaangukia 1691 kwenye jedwali langu. Kunyongwa kwa Bridget Bishop, wa kwanza kuuawa katika kesi hizo, kukabaki palepale, Juni 10, 1692. Katikati ukazuka mwaka mzima wa ukimya, nami nikaupenda! Nikajaza kurasa arobaini nikieleza kwa nini kijiji kilivuta subira.

Mzee aliyenisimamia alizisoma zote, kisha akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, hati zile za kwanza zina tarehe gani?" Nikajibu, Februari 29. Akaningoja. Sauti yangu mwenyewe ndiyo iliyonishtua: mwaka 1691 haukuwa na Februari 29. Masikio yakawaka moto.

Kurasa arobaini zilikwenda na maji, na hizo sikuzililia. Niliyemlilia ni binti wa Sarah Good, mtoto wa miaka minne au mitano, aliyetiwa gerezani Machi ileile. Kwenye jedwali langu nilikuwa nimemwongezea mwaka mzima wa kifungo, kwa kufuta mkwaju mmoja na tarakimu moja.

3. Mtoto huyohuyo, hati ya kumkamata inamwita Dorcas. Jina lake ni Dorothy. Nukuuni Dorcas kama ilivyo, Dorothy aende kwenye tanbihi. Kumsahihisha karani si kazi yenu.

4. Jueni kalamu ni ya nani. Mahojiano ya mshtakiwa mwingine, Rebecca Nurse, Machi 24, aliyaandika Samuel Parris, mchungaji wa kijiji, ambaye binti yake alikuwa miongoni mwa watoto wa mwanzo kusemwa wamerogwa. Mwishoni anakiri kwamba, kwa makelele na wingi wa wasemaji, mengi yameachwa. Mmoja wenu kauruka mstari huo kwa kuudhani wa kufungia tu. Jamani! Bibi mzima alikuwa akipigania uhai wake, na mwandishi anatuambia hakuyaandika yote.

5. Chini ya ushahidi mkiona "Jurat in Curia", Kilatini cha kusema ameapa mahakamani, kwa wino mwingine, andikeni kwamba wino umebadilika. Kitabu cha mahakama maalumu iliyosikiliza kesi hizo kimepotea. Maneno hayo matatu ndiyo yanayotuonyesha ushahidi upi uliapiwa mbele ya mahakama.

Faili zenu nimezirudisha. Anzeni na ya Rebecca, kuzeni picha mpaka tarehe ijae kioo, kisha mnitumie kabla ya Ijumaa. Simu yangu iko wazi hata usiku.