Zulia la Gari Lililobeba Samaki

SWALI: Assalaam alaikum. Mwezi uliopita nilinunua Toyota Fielder iliyotumika kutoka kwa bwana mmoja aliyekuwa akichukua samaki Ngomeni na kuwaleta sokoni Malindi. Zulia nimeliosha mara tatu kwa sabuni ya unga, na kila mara hukauka likanukia vizuri, kisha baada ya siku mbili harufu ya vumba hurejea, hasa jioni. Miguuni pa abiria wa mbele hapakauki kabisa. Jirani ananishauri nimwage jiki. Nifanyeje? (Msomaji wa Maweni, Malindi)

JIBU: Waalaikum salaam. Jiki iache dukani. Inaweza kulichujua zulia rangi, na ikikutana na siki nitakayokutajia hapa chini hutoa gesi ya klorini, ambayo ni hatari kwa mapafu, seuze ndani ya gari.

Chini ya zulia la gari kuna tabaka nene la nyuzi na matambara yaliyoshindiliwa, lililowekwa kupunguza kelele na joto, nalo hunywa maji kama sponji. Maji ya barafu yaliyochuruzika kutoka kwenye makasha ya samaki yameteremkia huko, na kila unapoosha juu unazidi kulinywesha la chini. Humo mna uozo wa samaki na mna chumvi pia, na chumvi ya bahari huvuta unyevu wa hewani. Ndiyo sababu zulia lililo kavu adhuhuri hulowa tena jua likishatua, na harufu ikaamka nalo.

Kabla ya kufungua chochote, chunguza unyevu wa pale mbele. Washa kiyoyozi kwa robo saa gari likiwa limesimama, kisha uchungulie chini ya gari: kwa joto letu, lazima maji yadondoke. Yasipodondoka, mpira wa kutolea maji umeziba, nayo yanamwagikia ndani. Iwapo unyevu wenyewe ni wa utelezi na una harufu tamutamu, hayo ni maji ya rejeta yanayovuja kwenye hita, ambayo hupitiwa na maji hayo hata kama hapa Malindi hakuna aliyewahi kuiwasha. Uvujaji uzibwe kwanza, la sivyo kazi yote inayofuata ni bure.

Kisha zulia litoke nje ya gari. Ondoa waya wa hasi wa betri na usubiri dakika chache, kwa kuwa waya za manjano zilizo chini ya viti huwa ni za mifuko ya hewa (airbag) na hazichezewi. Viti vya mbele vya magari haya kwa kawaida hufunguliwa kwa spana namba 14. Ukishavitoa, bandua plastiki za vizingiti vya milango na kingine chochote kinacholibana zulia, nalo litanyanyuka zima. Usilikunje, kwani limefinyangwa kwa joto lifuate umbo la sakafu na mkunjo hauondoki kirahisi.

Anza na maji yasiyo ya moto, maana moto hugandisha damu ya samaki kwenye nyuzi. Baada ya hapo nyunyiza siki nyeupe, kikombe 1 kwa vikombe 2 vya maji, uiache dakika 20. Jambo hili halina ugeni: vumba ni kemikali yenye asili ya magadi, na ukali wa siki huifunga isiruke hewani, kama vile ndimu inavyofanya kwenye samaki jikoni. Ndipo usugue kwa sabuni ya maji na brashi laini. Suuza la mwisho liwe la maji ya pepo. Visima vingi vya mwambao ni vya chumvi, na ukisuuzia maji hayo umerudisha kilekile ulichokuwa ukikitoa.

Lile tabaka la chini, kama limenuka, mimi nisingehangaika kuliosha. Likate ulitupe, ununue jipya kwa fundi wa viti. Bati la sakafu lililo wazi likwangue kutu, lipige msasa, ulipake rangi ya kuzuia kutu. Zulia litandaze juu ya kamba mbili mgongo ukiwa juu, mahali penye upepo. Wakati wa kaskazi siku mbili huenda zikatosha. Katika masika ya Aprili na Mei afadhali usubiri, kwani zulia bichi likirudishwa garini huota ukungu.

SWALI: Zulia la gari langu ni safi lakini limepauka kwa jua. Je, laweza kutiwa rangi? (Msomaji wa Watamu)

JIBU: Inategemea uzi. Kata kishungi kidogo chini ya kiti, kitose katika bilauri ya maji yenye tone la sabuni, ukikamue viputo kwa vidole. Kikielea, ni polipropilini, nayo haishiki rangi ya dukani hata ufanyeje. Kikizama, yamkini ni nailoni, ambayo hupokea rangi vizuri, au poliesta, ambayo hudai rangi ya kuchemshwa, na zulia la gari ukilichemsha litapoteza umbo. Jaribu rangi yako kwanza pale chini ya kiti, na ikiwa kesho yake kitambaa cheupe chenye maji kitatoka na rangi, iache.