Chini ya dagaa hakuna samaki

Wiki iliyopita mliuliza: ni mahali gani pa asili duniani penye jambo ambalo wengi hawalijui? Wengi watawaandikia kuhusu Kilimanjaro, na si vibaya. Mimi ni mtu wa Kigoma, nalitaja Ziwa Tanganyika, ila si kwa ile sifa tuliyokaririshwa shuleni.

Shuleni tuliambiwa ni la pili duniani kwa kina baada ya Baikal la Urusi: mita 1,470. Somo likaishia hapo. Hatukuambiwa kwamba sehemu kubwa ya maji hayo haina oksijeni kabisa. Upande wa kaskazini ukishuka mita 100 hivi umefika mpakani. Kusini ni kama 200. Kutoka hapo hadi sakafuni samaki hawezi kuishi.

Baikal lina kina kuliko letu, lakini viumbe wamo mpaka chini. Siri ni baridi. Kule maji ya juu hupoa, yakawa mazito, yakazama na oksijeni yake. Kwetu juu ni nyuzi 26 hivi, chini kabisa 23. Tofauti ndogo hivyo, na bado inatosha kuyazuia maji yasichanganyike. Anayetuokoa ni kusi. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo huo husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na kule Mpulungu, Zambia, maji ya chini yenye rutuba hupanda. Rutuba hiyo ndiyo inayokuza vijimea, vijimea vikalisha vijidudu, na vijidudu ndio chakula cha dagaa.

Mchana dagaa hujificha kwenye maji ya chini chini, juu kidogo ya ule mpaka wa oksijeni, mbali na macho ya migebuka, samaki wanaowawinda, usiku hupanda. Ndiyo maana mitumbwi hutoka jioni na taa zake. Mbalamwezi ikiwa kali taa haina kazi, dagaa wametawanyika. Ukipita mwaloni Kibirizi siku hizo utakuta nyavu zimeanikwa, wenyewe wanashona matundu na kubishana mpira.

Na hao dagaa, msiwaone wadogo: ni ukoo mmoja na sardini wa baharini. Ziwani humo kuna hata konyeza, yule kiumbe laini kama jeli tuliyezoea kumsikia baharini, kadogo, kangavu, upana wake kama sarafu. Mwishoni mwa karne ya 19 Mwingereza mmoja, J. E. S. Moore, alipoona konyeza huyo na konokono wanaofanana na wa pwani, akashikilia kwamba Tanganyika ni mabaki ya bahari ya kale. Hoja tamu, lakini haikusimama: ziwa lilizaliwa ardhi ilipopasuka kwenye Bonde la Ufa. Dagaa wetu nao wamesafiri. Isambaza wanaoliwa Rwanda walitolewa huku wakapandikizwa Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, na kapenta wa Ziwa Kariba, kule Zambia na Zimbabwe, ni walewale.

Sasa maji ya juu yanazidi kupata joto, na kadiri yanavyopata joto ndivyo kusi linavyoshindwa kuyachanganya na ya chini. Rutuba inayopanda inapungua, na ile sehemu yenye oksijeni inazidi kuwa nyembamba. Dagaa wakiadimika sokoni, lawama yote huangukia makokoro, zile nyavu za kukokota, na wingi wa wavuvi. Wanastahili sehemu yao, lakini hata tukichoma kila kokoro, joto litabaki palepale.