Mashapo meupe yakayeyuka: alumini, zinki au risasi?

Mkuu, umesema mmumunyo wa sampuli yako ya chumvi ulitoa mashapo meupe (chembe ngumu zinazojitenga kwenye kimiminika) kwa hidroksidi ya sodiamu, ulipozidisha yakayeyuka, na sasa hujui kama ni alumini, zinki au risasi. Zote tatu hufanya hivyo, kwa hiyo hujakosea. Mimi nilikosea kabisa kwenye mtihani wa vitendo. Nilimimina hidroksidi kwa mkupuo, nikaona mmumunyo mwangavu, nikaandika "hakuna mashapo". Ilikuwa zinki. Mashapo yalitokea yakayeyuka kabla sijayaona. Tangu hapo natia tone moja, natikisa, natazama, ndipo naongeza.

Sasa chukua sampuli mpya, si ile uliyokwisha kuichanganya, utie amonia tone kwa tone. Mashapo meupe yakitokea kisha yakayeyuka ukizidisha, hiyo ni zinki, kwa sababu inashikana na amonia na kuunda ioni changamano, yaani chembe yenye chaji, inayoyeyuka. Yakigoma kuyeyuka, umebaki na alumini au risasi.

Hizo mbili zitenganishe kwa iodidi ya potasiamu. Alumini haitoi kitu. Risasi hutoa mashapo ya manjano yaliyokolea. Ukitaka uhakika zaidi, yaongezee maji mengi uyapashe moto: manjano yote hupotea, mmumunyo unabaki bila rangi. Uache upoe taratibu, uangalie kwenye mwanga. Vinaanza kushuka vipande vyembamba vinavyometameta kama vumbi la dhahabu. Nimefanya jaribio hili mara nyingi na bado huwa nasimama kulitazama. Ila risasi ni sumu, usimwage kwenye sinki. Weka kwenye chombo cha taka za kemikali.

Kwa upande wa anioni, yaani ioni yenye chaji hasi iliyo kwenye chumvi hiyo (kaboneti, kloridi au salfeti), tia kwanza asidi ya nitriki iliyozimuliwa. Mapovu yakitoka, ipitishe gesi kwenye maji ya chokaa. Yakigeuka kama maziwa, ni kaboneti. Mapovu yasipotoka, tia nitrati ya fedha kutafuta kloridi. Tafadhali usitumie asidi ya hidrokloriki hapo, maana utakuwa umeiingiza kloridi mwenyewe na mashapo meupe yatatokea vyovyote vile.

Na kama amonia na iodidi zimekuonyesha risasi, salfeti itafute kwa nitrati ya bariamu, si kloridi ya bariamu. Kloridi ya risasi nayo ni mashapo meupe, utadhani umepata salfeti.

Anza na amonia leo, kisha rudi utuambie yaliyeyuka au yaligoma.