Nyamapori mezani: maswali ya wasomaji

Tangu kanuni za kuuza nyamapori buchani zitoke mwaka 2020, watu wengi wa Dar es Salaam wanataka kuijua nyama hii vizuri kabla ya kuipeleka jikoni. Haya ni baadhi ya maswali yaliyotufikia.

Tukiacha ng'ombe tukala nyamapori, si tutakuwa tumeyaokoa mazingira? (Sinza)

Kwa sehemu. Pofu, nyumbu na swala hawalimiwi mahindi, hawaogeshwi dawa ya kupe, na wanastahimili nagana, ugonjwa unaoenezwa na ndorobo, kwa hiyo huishi vizuri kwenye mapori ambayo ng'ombe angekufa. Lakini wao pia hucheua, na mnyama anayecheua hutoa gesi ya methani. Pundamilia na ngiri hawacheui.

Kinachokwamisha ni hesabu. Nyumbu wa Serengeti ni takriban milioni 1.3. Ndani ya hifadhi ya taifa hakuna kuwinda, lakini tufanye hesabu tu: wakivunwa asilimia 5, ni nyumbu 65,000. Kila mmoja akitoa kilo 100, nyama na mifupa, ni kilo 6,500,000. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 Dar es Salaam. Kila mkazi angepata kilo 1.2 kwa mwaka mzima, na mikoa mingine yote isipate kitu. Ng'ombe wa nchi hii wamezidi milioni 30. Nyamapori haiwezi kulisha jiji, na tunaomba asiwepo wa kuisukuma ifanye hivyo. Thamani yake iko kwingine: kijiji kinachopata mapato halali kutokana na wanyama kina sababu ya kuliacha pori lisimame badala ya kulifyeka.

Kuna kijana huniletea swala mkavu nyumbani, bei nafuu kuliko bucha. Kuna ubaya? (Mbagala)

Upo, mama, tena mkubwa. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, nyama hiyo ni nyara ya Serikali. Anayekutwa nayo bila kibali hushtakiwa, awe muuzaji au mnunuzi, na kifungo kinaweza kufika miaka 20 au zaidi. Pili, nyama ya magendo mara nyingi hutokana na vitanzi vya waya, na kitanzi hakichagui: hunasa mwenye mimba, hunasa hata simba. Tatu, hakuna aliyemkagua mnyama huyo. Vijidudu vya kimeta havifi kwa kukausha wala kwa moshi.

Nunua kwenye bucha yenye leseni ya TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, angalia mhuri wa mkaguzi, dai risiti inayotaja aina ya mnyama na kilo. Risiti hiyo itunze hadi nyama iishe.

Nilipika pofu dakika 45, ikawa ngumu kama kandambili. Nilikosea wapi? (Tabata)

Kwenye hizo dakika 45. Nyama ya porini ina mafuta machache sana, kwa hiyo joto huifinya maji haraka. Ukiitoa katikati, maji yameshatoka na mishipa bado haijalainika. Ama upike upesi, ama upike muda mrefu.

Nyama ya mgongo ikate kukingama na nyuzi, vipande vya sentimita 2, upake mafuta, uchome kwa makaa yaliyokolea hadi maji yake yatoke meupe, kisha uipue papo hapo. Paja, shingo na mkono vinataka saa 2 hadi 2 na nusu za moto mdogo, sufuria imefunikwa, maji yakichemka taratibu, au dakika 45 hadi 50 za presha kuka. Kwa kilo moja ongeza vijiko 2 vya samli. Tui zito litie mwishoni, dakika 5, ukikoroga. Likichemka kwa nguvu hukatika.

Papai bichi lililosagwa husaidia: kijiko kimoja cha chakula kwa kilo, nusu saa tu. Ukilaza usiku kucha, juu huwa uji na ndani hubaki ngumu. Iliyoganda iyeyushe ndani ya friji tangu jana yake. Kwa joto letu, usiiache mezani zaidi ya saa moja.

Mnyama aliyepigwa risasi ni halali kwa Mwislamu? (Ilala)

Muulize mwenye bucha nani alipiga, kama jina la Mwenyezi Mungu lilitajwa, na kama mnyama alichinjwa alipokutwa bado hai. Akikosa jibu, usinunue. Ngiri ni jamii ya nguruwe. Zaidi ya hapo, shehe wako ndiye wa kukuongoza.

Nafuga nguruwe huku Kibamba. Naweza kuwapa mabaki ya ngiri? (Kibamba)

Hapana, hata kipande. Ngiri hubeba virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika bila kuumwa. Binadamu haimpati, lakini kwa nguruwe wa kufugwa huua karibu wote, na haina tiba. Kuigandisha nyama hakuviui virusi hivyo. Mifupa, ngozi na maji ya kuoshea nyama vifukie mbali na banda, kisha nawa kwa sabuni na ubadili viatu kabla ya kuwalisha.

Kwa upande wako mlaji, ngiri ana hatari ya minyoo ya trikinela, na friza haiaminiki kuiua. Pika hadi katikati ya nyama pasibaki wekundu wowote. Mwenye kipimajoto atafute nyuzi 71.