Shukrani ikikauka moyoni

Dada, umeuliza kama ni unafiki kumshukuru Mungu kwa mdomo wakati moyo umekauka. Kwa maoni yangu si unafiki. Mnafiki hujifanya mbele za watu. Wewe unamweleza Mungu ulivyo. Hata Zaburi ya 13 inaanza na malalamiko, "hata lini", na ndani ya mistari 6 tu inaishia kwenye kuimba.

Ila hiyo sala ya jumla, "asante kwa yote", ipumzishe kwanza. Mimi niliisema miaka mingi huku nawaza mambo mengine. Siku hizi nataja kitu kimoja. Jana usiku ilikuwa pumzi ya mwanangu: alikuwa na mafua, pua ikafunguka, nikakaa gizani nikimsikiliza anavyokoroma kidogo. Nikashukuru papo hapo, wala maneno hayakuwa mengi.

Na usishukuru kwa hofu ya kupokonywa. Katika Luka 17 wakoma 10 walitakaswa, akarudi Msamaria mmoja tu kumshukuru Yesu. Hatusomi popote kwamba wale 9 walinyang'anywa uponyaji wao (hapo huwa tunapita haraka). Siku ukishindwa kabisa, mwombe mwenzako ashukuru kwa niaba yako, wewe itikia amina tu.